Uhamaji mwingine wa Mto Mara: ningu anapopanda vijito kutaga

Ukitaja neno "uhamaji" hapa mkoani Mara, kila mtu anawaza nyumbu. Ni sawa tu. Zaidi ya nyumbu milioni moja wanazunguka Serengeti na Maasai Mara kila mwaka, na picha zao wakivuka mto zimesambaa dunia nzima. Lakini ndani ya maji hayohayo kuna uhamaji mwingine ambao hauna watalii wala helikopta. Mvua zikianza kumwagika, samaki wanatoka Ziwa Victoria na sehemu za chini za Mto Mara, wanapanda kinyume na mkondo, wanaingia kwenye vijito ambavyo mwezi mmoja uliopita ungeviruka bila kulowesha viatu, wanataga, halafu wanarudi.

Nyota wa safari hii ni ningu. Wanasayansi wanamwita Labeo victorianus. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) limemweka kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Yaani kundi la mwisho kabisa kabla ya kusema "huyu hayupo tena porini". Makala hii inaeleza safari yake inavyofanya kazi, kwa nini inategemea vijito vidogo vya Tarime na Serengeti, na wewe unaweza kuangalia nini ukisimama ukingoni siku maji yanapopanda.

Ningu ni nani?

Ningu ni samaki wa jamii ya kapu, jamii moja na kuyu na dagaa wengi wadogo wa mtoni. Akikua kabisa anafika kama sentimita 40. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1901 na George Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akifanya kazi makumbusho ya London. Neno Labeo linatokana na neno la Kilatini la mdomo, yaani "mwenye midomo mikubwa", na ukimshika ningu mkononi utaelewa mara moja. Mdomo wake uko chini ya kichwa, mnene, umekaa kama wa kunyonya. Anautumia kukwangua mwani na uchafu laini ulioganda juu ya mawe, magogo na tope. Hana haja ya kumkimbiza mtu. Anakula kile ambacho wengine wanakiona ni utelezi tu.

Hapatikani kila mahali duniani. Makazi yake ni bonde la Ziwa Victoria na mito inayohusiana nalo: Kagera, Nzoia, Yala, Sio, Mara na mingineyo. Akipotea hapa, hakuna sehemu nyingine ya kwenda kumchukua.

Linganisha na lamprei

Wanafunzi wa biolojia wakisoma habari za samaki wanaopanda vijito kutaga, mfano wa vitabuni mara nyingi ni samoni au lamprei. Lamprei hayupo kabisa kwenye mito yetu, lakini inafaa tumwangalie kidogo kwa sababu tofauti yake na ningu inatufundisha jambo kubwa.

Lamprei ni kiumbe mrefu kama mkunga, hana taya wala mapezi ya pembeni. Mdomo wake ni duara la kunyonyea lenye meno. Ukoo wake ni wa kale mno: kisukuku cha lamprei chenye umri wa takriban miaka milioni 360 kilipatikana Afrika Kusini na kuelezwa mwaka 2006. Siku hizi lamprei wanaishi zaidi kwenye maji ya baridi ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini, na wachache kusini mwa dunia kama Australia na Chile.

Majira ya kutaga yakifika, lamprei anapanda kijito chenye maji safi, anashika mawe kwa mdomo wake, analisogeza moja baada ya jingine mpaka kunakuwa na kishimo kwenye changarawe. Hicho ndicho kiota. Jike anajishikiza kwenye jiwe, dume anajizungusha juu yake, mayai na mbegu za kiume vinatoka kwa pamoja, changarawe inavifunika. Baada ya hapo wazazi wote wanakufa. Wametaga mara moja tu maishani, basi.

Sasa mwangalie ningu. Yeye naye ana mdomo wa kunyonya, naye anapanda vijito. Lakini hachimbi kiota na halindi mayai. Na la muhimu zaidi, hafi. Anarudi mtoni au ziwani, ananenepa, na mvua nyingine zikija anapanda tena.

Kwa hiyo ukitaka kumlinda lamprei, unalinda changarawe. Ukitaka kumlinda ningu, unalinda njia: ya kupandia, ya kuingilia kwenye majani yaliyofurika, na ya kurudia. Na kwa kuwa jike mmoja anaweza kutaga misimu kadhaa, ukimvua akiwa njiani kwenda kutaga kwa mara ya kwanza, hujapoteza mayai ya mwaka huu peke yake. Umepoteza na ya miaka yote ambayo angekuja tena.

Samaki anajuaje kwamba mvua imenyesha?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ni zuri. Samaki yuko chini ya maji, karibu na Kirumi au ndani ya ghuba. Mvua imenyesha kilomita nyingi huko juu. Nani amemwambia?

Maji yenyewe ndiyo yanayomwambia. Mvua ikinyesha, mto unabadilika kwa namna nyingi kwa wakati mmoja. Kina kinaongezeka na mkondo unapata nguvu. Maji yanakuwa na tope. Joto linashuka kidogo. Chumvichumvi zilizoyeyuka zinapungua kwa sababu maji ya mvua yamezichanganya na kuzipunguza nguvu. Ukitumbukiza kipimo cha upitishaji umeme utaona namba inashuka. Na harufu inakuwa nyingine, maana maji yameosha udongo, majani na samadi.

Samaki anazihisi dalili hizi kupitia pua, ngozi, na mstari wa vihisio uliopita ubavuni mwake. Taarifa inafika kwenye ubongo. Ubongo unatoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, na tezi hiyo inamwaga homoni nyingine kwenye damu inayokwenda mpaka kwenye mayai na korodani. Hapo mayai yaliyokuwa yamekomaa nusu yanamalizia hatua ya mwisho na kuwa tayari.

Zingatia hiyo "nusu". Ningu hasubiri mvua ndipo aanze kutengeneza mayai. Anayaandaa mapema, anayaweka tayari, halafu anasubiri ishara. Ni kama mama aliyekwisha kukata vitunguu, kuosha mchele na kuwasha jiko, anasubiri tu wageni wapige hodi. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha, samaki wanaonekana kwa wingi ndani ya muda mfupi, kana kwamba wamepigiwa simu.

Hii pia inaeleza kwa nini ningu aliyewekwa kwenye bwawa la kawaida anaweza kujaa mayai lakini asitage. Ishara ya mafuriko haijaja, na kwenye samaki wa jamii ya kapu ubongo una breki yake ya kikemikali inayozuia homoni ya mwisho isitoke. Mtafiti Justus Rutaisire wa Uganda, akishirikiana na Anthony Booth, alionyesha mwaka 2004 kwamba ningu anaweza kutagishwa akiwa kizuizini kwa kudungwa homoni. Kwa lugha rahisi, sindano inafanya kazi ambayo mtoni ingefanywa na mafuriko.

Kwetu Mara kuna misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Hivyo safari inaweza kutokea mara mbili kwa mwaka, kutegemea mvua zilivyo.

Kwa nini ajisumbue kupanda?

Ziwa ni kubwa, lina chakula. Kwa nini samaki ahangaike kupigana na mkondo, apite kwenye nyavu, mamba na ndege, ili akatage kwenye maji ya magoti?

Sababu ya kwanza ni usalama wa watoto. Kwenye majani yaliyofurika pembeni ya kijito hakuna samaki wakubwa wengi. Sehemu ile ilikuwa malisho ya ng'ombe wiki iliyopita.

Sababu ya pili ni chakula. Ardhi kavu ikifunikwa na maji, rutuba iliyokuwa kwenye udongo, majani makavu na samadi inayeyuka. Vimelea na mwani wanaongezeka haraka, wadudu wadogo wa majini wanafuata, na kwa kifaranga wa samaki mwenye milimita chache hiyo ni karamu.

Sababu ya tatu ni oksijeni. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita moja. Hewa ya ujazo huohuo ina zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho. Kwa hiyo kupumua majini ni kazi ya kubanabana, na yai halina hata matamvua ya kusaidia. Maji ya kina kifupi yanayotembea yanagusana sana na hewa, na yai linapata hewa yake.

Mwaka 1959 Geoffrey Fryer na P.J.P. Whitehead walichapisha maelezo ya jinsi ningu anavyotaga na jinsi kiinitete chake kinavyokua. Walieleza kutaga kwenye maeneo yaliyofurika kandokando ya mito. Mayai hayanati kwenye kitu, yakishatoka yanafyonza maji na kuvimba. Yanaanguliwa haraka, na lazima iwe hivyo, kwa sababu maji yakishuka kabla ya wakati, mayai yanabaki kwenye nyasi na jua linayamaliza. Hapo ndipo ilipo kamari ya ningu. Anapata kitalu kisicho na maadui, lakini ni kitalu cha kukodi, na mwenye nyumba anaweza kukitaka wakati wowote.

Sasa fikiria vijito vyetu. Mto Mara unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa Serengeti, kisha unatoka hifadhini na kuwa mpaka kati ya Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini. Urefu wake wote ni karibu kilomita 400. Huku chini unapokea vijito kama Tigithe kutoka upande wa Tarime, na Somoche na Tobora kutoka upande wa Serengeti. Kisha unapita kwenye kinamasi kikubwa cha Masurura, daraja la Kirumi, na kuingia ziwani karibu na Musoma. Kwenye ramani ya nchi vijito hivi ni nyuzi tu. Kwa samaki anayetafuta maji ya kina kifupi yenye nyasi, ni milango.

Wasafiri wenzake

Ningu hapandi peke yake. Ukisimama kwenye kivuko siku ya mafuriko unaweza kuona samaki wa aina kadhaa, na kila mmoja ana mkakati wake.

Kambare ndiye rahisi kumwona. Anasubiri usiku, hasa usiku wa mvua, anaingia kwenye majani ya kina kifupi. Dume anajikunja kuzunguka kichwa cha jike, wanataga, wanaondoka. Mayai ya kambare yananata kwenye majani, tofauti na ya ningu. Kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, kwa hiyo maji machafu yenye oksijeni kidogo hayamtishi sana.

Kuyu, ambaye Wajaluo wanamwita fwani, ni mkubwa na ana nguvu. Yeye anapenda maji yanayokimbia juu ya mawe na changarawe. Katika kundi hili, huyu ndiye anayemkaribia lamprei kwa mahitaji, ingawa hana tabia ya kubeba mawe kwa mdomo. Tope likifunika changarawe, kuyu ndiye wa kwanza kukosa pa kutagia.

Kuna pia nembe, gogogo, domodomo, na samaki wadogo wa jamii ya kapu ambao watu hawahangaiki kuwapa jina. Wote hawa wanatumia mto kwa namna moja au nyingine wakati wa mvua.

Sangara hakuanza hii

Ukiuliza watu wengi kwa nini samaki wa asili wa Ziwa Victoria wamepungua, jibu linakuja haraka: sangara. Ni kweli sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alimaliza aina nyingi za furu alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980. Lakini kwa ningu tarehe hazikubaliani. Mwaka 1965, wakati sangara bado hajatawala ziwa, P.G. Cadwalladr alikwisha chapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, akitumia mfano wa Mto Nzoia nchini Kenya.

Kilichobadilika ni namna ya kuvua. Zamani wavuvi wa mito hii walitumia uzio na migono ya kusuka. Mitego mingi ya aina hiyo ilitegwa mdomo ukitazama juu ya mto, ikanasa samaki wanaoshuka, yaani ambao tayari wametaga. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa chini akaandika sheria. Mtego ulikuwa umekaa hivyo, na hesabu ikatoka nzuri kwa pande zote mbili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja nyavu za makila. Ni nyepesi, zinategwa popote, na sehemu yenye faida kubwa ni mdomo wa mto wakati samaki wanakusanyika kuingia. Sasa samaki anayenaswa ni yule anayepanda, tumbo limejaa mayai. Mvuvi anapata kilo zaidi kwa sababu mayai nayo yana uzito. Mto unapata watoto wachache mwaka unaofuata. Rudia hivyo misimu kumi, na hauhitaji sangara.

Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa kuliko yote katika habari ya ningu. Idadi ya samaki ileile, ikivuliwa na watu walewale, inaweza kudumu au kuporomoka kutegemea jambo moja tu: mtego unatazama wapi.

Vijito vyetu leo

Nyavu bado zipo, na sasa kuna timba ambazo hata samaki mwenyewe hazioni. Lakini vijito vya Tarime na Serengeti vina matatizo mengine juu ya hayo.

Tope. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua ya kwanza inaosha udongo moja kwa moja kijitoni. Tope linaziba nafasi kati ya mawe na kufunika mayai, na yai lililofunikwa linakosa hewa. Mchanga ukichimbwa kwa ajili ya ujenzi, ukingo unabomoka na tope linazidi.

Oksijeni. Machi 2022 maji ya Mto Mara sehemu za chini yalibadilika na kuwa meusi, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mzigo wa vitu vinavyooza, hasa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea. Matokeo hayo yalizua mjadala mkali nchini. Mchakato wenyewe kibiolojia unafahamika: bakteria wakiozesha vitu hivyo wanatumia oksijeni, na isipotosha samaki wanakosa hewa. Huko juu, ndani ya Maasai Mara, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukiongozwa na Christopher Dutton ulionyesha jambo linalofanana na hilo likitokea kwa asili: viboko zaidi ya 4,000 wanajaza madimbwi kwa kinyesi, mvua ikisukuma maji yale chini kwa mkupuo oksijeni inaporomoka na samaki wanakufa. Angalia mwezi, sasa: Machi ni mwanzo wa masika. Maji mabaya yanakuja kwa mvua ileile inayomwita ningu apande.

Kemikali. Tarime na Serengeti ni nchi ya dhahabu. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, tukio lililojulikana nchi nzima. Kwa upande wa wachimbaji wadogo, zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ikifika majini inageuzwa na bakteria kuwa aina inayojikusanya kwenye miili ya viumbe, na kuongezeka kila mmoja anapomla mwenzake. Mayai na vifaranga ndio dhaifu zaidi kwa tindikali na madini mazito. Samaki mkubwa anaweza kuogelea akakimbia. Yai halina pa kwenda.

Vizuizi. Kalavati iliyowekwa juu kuliko usawa wa kijito, ikawa inamwaga maji kama bomba, inatosha kufunga njia nzima. Ningu ana nguvu ya kuogelea lakini hawezi kuruka ukuta. Kalavati hiyohiyo ikishushwa ilale sawa na kitanda cha kijito, samaki anapita na gari linapita.

Ukitaka kuangalia mwenyewe

Huhitaji maabara. Unahitaji uvumilivu, daftari, na akili ya kujilinda.

Kwanza usalama. Usiingie majini wakati wa mafuriko. Mto Mara wenyewe una mamba na viboko, na wakati mwingine wanaingia kwenye vijito. Simama juu ya daraja au ukingo wenye udongo mgumu, nenda na mwenyeji anayekijua kijito, na usiende usiku peke yako. Ukiwa ndani ya mipaka ya hifadhi unahitaji kibali.

Pili, wakati. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza ya msimu ndiyo nafasi nzuri. Nenda asubuhi na mapema au jioni. Tope likiwa jingi hutaona samaki, utaona maji: mikunjo inayokwenda kinyume na mkondo, mapezi yanayokata juu, majani yanayotikisika bila upepo. Sikiliza pia. Samaki wakitaga kwenye maji ya kina kifupi wanapiga maji kwa nguvu, unaweza kudhani ni bata.

Tatu, waangalie wanaowaangalia samaki. Korongo, mwari na kingfisha hawapotezi muda. Ukiona ndege wamejipanga kwenye kivuko kimoja, kuna kitu kinapita hapo.

Nne, andika. Tarehe, saa, mvua ilinyesha lini, maji yamefika wapi (weka alama kwenye nguzo ya daraja), rangi ya maji, umeona samaki wangapi kwa dakika kumi, walikuwa wanapanda au wanashuka. Kama una kipimajoto, pima. Andika hata siku ambayo hukuona kitu, kwa sababu sifuri nayo ni data. Mwanafunzi wa sekondari akifanya hivi misimu mitatu mfululizo kwenye kijito kimoja, atakuwa na rekodi ambayo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) wangefurahi kuiona.

Tano, ongea na wazee. Waulize samaki gani walikuwa wanapanda walipokuwa vijana, mpaka wapi, na walikoma lini. Mzee atakwambia "tulikuwa tunawaokota kwa mikono pale kwenye mti ule". Andika jina la kijito na ule mti ulipo. Kwa vijito ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvipima, kumbukumbu hizo ndizo pekee tulizonazo.

Sita, usitangaze. Ukipata sehemu ambako ningu bado wanataga, usiirushe mtandaoni na ramani yake. Nadhani unajua ni nani atakayefika wa kwanza.

Je, inawezekana kumrudisha?

Inawezekana, na sehemu ya kazi tayari ina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo 60 ndizo nyasi ambazo ningu anazihitaji zikifurika, na ndizo zinazochuja tope kabla halijaingia majini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na baruti. Kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kuna jumuiya za watumia maji, kuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kwenye mialo.

Kuzalisha vifaranga kwenye mabwawa nako kunasaidia, na ujuzi upo Uganda na Kenya. Lakini hebu tufikirie. Ukimwaga vifaranga 10,000 kwenye mto ambao mdomo wake umefungwa kwa makila, kijito chake kina kalavati inayoning'inia, na nyasi zake zimelimwa, umelisha tu nyavu. Kifaranga anatibu idadi. Njia ndiyo inatibu chanzo.

Wiki chache za kuondoa nyavu mdomoni mwa mto mvua zinapoanza, kila msimu, zingeweza kufanya kazi kubwa kuliko mradi wa mamilioni. Hazihitaji mashine. Zinahitaji makubaliano kati ya wavuvi wa Kirumi na wafugaji na wakulima wa huku juu, watu ambao mara nyingi hawakutani, ila maji yao ni mamoja. Wavuvi wa kale wa mito hii waliweza kuishi na ningu bila kusoma ikolojia popote. Waliacha apande, wakamsubiri akishuka.